Kadi Iliyosema Hajui

Nikiulizwa leo ni neno gani nililoliandika mara nyingi zaidi katika ujana wangu, sisiti hata kidogo. Ni "hajui". Nililiandika kwa wino wa Serikali, kwa mwandiko mzuri uliolala, kwenye mstari wa tano wa kadi za watafuta kazi, na kwa karibu mwaka mzima sikuona ubaya wowote katika kuliandika.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Nilikuwa nimemaliza shule Mombasa, nikarudi Lamu na viatu vya kamba na cheo cha karani wa ofisi ya kazi. Nilimpokea mtu asiye na kazi, nikamkalisha kwenye benchi, nikamuuliza maswali, nikajaza kadi yake, kisha nikamtafutia pa kumpeleka: barabarani, gatini, jikoni kwa afisa fulani. Watu walikuwa wengi wakati ule. Mashamba ya upande wa bara yalikuwa yameachwa kwa hofu ya waasi wa shifta, na familia nzima nzima zilikuwa zimevuka kuja visiwani na nguo walizovaa.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja karibu na pwani, chenye meza mbili, mashine ya taipu na sanduku la mbao la kuwekea kadi. Meza kubwa ilikuwa ya mkubwa wangu, afisa aliyeletwa kutoka bara, mtu nadhifu wa kalamu tatu mfukoni. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Aliamini fomu, basi, na kilichokosa nafasi kwenye fomu kwake hakikuwapo.

Mstari wa tano uliuliza: kusoma na kuandika. Mbele yake unajaza ajua au hajui. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza mkubwa wangu niandike nini kwa mtu anayesoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, maana nilijua nusu ya mji iko hivyo. Hakuinua uso.

"Hayo ni mambo ya dini," alisema. "Sisi tunauliza kusoma. Andika hajui."

Nikaandika. Nilimwandika hajui mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekuwa akitunga barua za posa za watu. Nilimwandika hajui fundi seremala wa mtaa wetu wa Langoni aliyechonga aya nzima juu ya mlango bila kukosea nukta. Walinitazama nikiandika, wakaniamini, kwa kuwa nilikuwa kijana wao na nilikuwa nimesoma. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sikuwadanganya kwa uadui. Niliwadanganya kwa adabu, huku nikiwaita bwana.

Siku moja, baada ya adhana ya adhuhuri, wanaume walipokuwa msikitini na njia zimetulia, aliingia mwanamke wa makamo katika buibui, pamoja na bibi mmoja mkongwe wa kumsindikiza. Hakuna mwanamke wa Mkomani, mtaa ambao wanawake wake hukaa ndani, aliyewahi kukanyaga ofisi ile. Mkubwa wangu alikuwa amekwenda kula. Nilisimama, nikampa kiti changu mwenyewe, nami nikakaa kwenye benchi ya watafuta kazi, kalamu mkononi.

Alikuwa mjane. Mumewe alikuwa amefariki miezi minane iliyopita, eda imekwisha, akiba imekwisha, na ana mabinti wawili. Alichokuwa nacho ni nyumba. Kwetu nyumba hupewa binti. Baba humpa mwanawe wa kike anapoolewa, na yeye humpa wa kwake. Ile ya kwake ilikuwa imepita kwa wanawake wanne kabla ya kumfikia yeye. Sasa ami yake alikuwa akimshikilia aipangishe kwa wageni wa Serikali, yeye na wanawe wahamie chumba cha nyuma kwa ami.

"Nikitoka mle, siregei tena," alinieleza kwa Kiamu chetu, ambacho kujua ni kuyua. "Nawayua wangu. Wanangu wataolewa ndani ya nyumba ya watu. Nataka kazi, Bwana karani. Kazi yoyote ya heshima."

Nikajaza kadi. Jina, mtaa, umri kwa kukisia. Kazi ya awali: hakuna, ingawa alikuwa ameshona kofia tangu utotoni na kofia zake zilivaliwa mpaka Zanzibar. Nilipofika mstari wa tano mkono ulikwenda wenyewe. Hata sikumuuliza.

"Hapo umeandika nni?" aliuliza.

"Kusoma na kuandika, Bi."

"Nisomea."

Nikamsomea. Hajui.

Hakuonyesha hasira, afadhali angeonyesha. "Ulipokuwa Mombasa shuleni," alisema, "mamako alikuwa akikuletea barua?"

"Ndiyo."

"Zalikuwa na khati gani?"

Nilizikumbuka vizuri. Herufi za Kiarabu, wino mweusi, mistari iliyonyooka kama imepigwa rula. Nilikuwa nikizisoma polepole bwenini kwa kidole, kwa sababu shule ilikuwa imenisahaulisha, na kila mara nilidhani mama amemwomba mwalimu wa chuo amwandikie.

"Mamako alisema, mimi nikaandika," alisema yule mjane. "Miaka mine. Weye uliposhikwa na homa ukaandika kuwa huenda ukafa, mimi ndiye niliyemsomea. Niliruka hapo pa kufa, nikamwambia waendelea vyema. Sasa mimi siyui kusoma?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Nikamwambia ile ni amri, si mimi, hata mimi nimeambiwa. Maneno ya kitoto. Alijifunika, akamshika mkono yule bibi, wakatoka. Kadi ikabaki mezani na neno langu juu yake, na mimi nikaitia sandukuni pamoja na nyingine. Nataka niliseme hilo wazi: siku ile sikuwa shujaa wa chochote. Niliitia sandukuni.

Jioni nilimuuliza mama. Aliendelea kuchambua mchele. "Ni yeye," alisema. "Ulidhani ni nani?"

Baada ya hapo kukazuka shida ya ubao. Nje ya mlango wa ofisi kulikuwa na ubao wa matangazo, na kila ilipotokea nafasi ya kazi mimi nilipiga taipu tangazo, nikalibandika. Vibarua wa barabara upande wa Mokowe. Wapishi wawili. Mabaharia wa boti ya Serikali ya kwenda Kiwayu. Yalikaa pale mpaka yakababuka kwa jua. Nafasi zilikuwa zikijazwa na watu wachache wale wale waliojua kusoma taipu, nyingine zikipotea kabisa, huku mtu mwenye shida ameketi hatua ishirini kutoka ubaoni, anakunywa kahawa, anailaumu bahati yake.

Mkubwa wangu alifikia uamuzi. Aliniita nipige taipu ripoti ya kwenda juu, akanisomea kwa sauti: wenyeji wa visiwa hivi hawana ari ya kazi; matangazo hubandikwa na hawajitokezi. Nilipiga sentensi ile kwa vidole vyangu kumi. Niliwafikiria wapagazi waliokuwa wakibeba boriti tangu alfajiri. Niliwafikiria wanawake walioshona mpaka macho yakaingia ukungu. Nikamaliza kuipiga, nikamkabidhi, nikatoka bila kuaga.

Nilikwenda moja kwa moja Mkomani, nikakaa kwenye daka la nyumba ya yule mjane, kwenye kibaraza cha mlangoni ambapo mwanamume asiye wa nyumbani husubiri, nikabisha hodi. Alinijibu kutoka nyuma ya mlango. Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha na kuomba kazi.

"Msamaha umepata," alisema. "Kazi gani?"

Nikampitishia karatasi nyeupe na kalamu. Nikamsomea mara moja tangazo la vibarua wa Mokowe. Baada ya muda mfupi karatasi zikarudi kupitia upenyo wa mlango, nne, kwa khati ile ile iliyonilea nikiwa mbali na mama. Alikuwa ameongeza maneno ambayo Serikali haikuyatia: kazi ni ya siku kumi, boti huondoka baada ya alfajiri, anayetaka aende kwa karani, wala asiogope, karani ni mwana wa fulani.

Nilizibandika mwenyewe. Moja gatini, moja penye wauza kahawa, moja sokoni, na ya nne juu ya ubao wetu, palepale juu ya tangazo langu la taipu. Asubuhi yake nilipofika ofisini sikuweza kuufikia mlango. Watu walikuwa wamejaa mpaka ukingo wa maji. Mzee mmoja alinishika bega: "Kumbe mwatafuta watu? Hamsemi?"

Tuliendelea hivyo miezi mitatu. Kila tangazo nililipeleka Mkomani, yeye akaliandika, mimi nikabandika. Kadi zilituishia ikabidi tuagize nyingine. Mkubwa wangu alifurahi sana. Aliandika ripoti mpya iliyosema kwamba hatua madhubuti za ofisi zimeamsha ari ya wenyeji. Zile karatasi za herufi za Kiarabu alikuwa akizipita kila siku. Nadhani alidhani ni mambo ya dini.

Hapo ndipo hospitali yetu ndogo ilipoleta nafasi ya mtunza stoo wa wodi ya wanawake. Alitakiwa mwanamke, wa mji huu, mwaminifu, awe na funguo za shuka na vyombo, ayaandike yanayotoka na yanayorudi. Nilipoisoma ile karatasi nilicheka peke yangu kwa furaha. Wakati huo ami wa mjane alikuwa amekwisha kuleta mtu wa kuitazama nyumba. Mgeni alikuwa amepanda mpaka juu darini, akahesabu vyumba mbele ya mabinti. Mwisho wa mwezi walitarajiwa kutia saini.

Lakini kwa kazi ya kuandika sheria ilikuwa kupeleka kadi za ajua peke yake. Nikaitoa kadi yake sandukuni, nikalitazama neno langu. Nikachovya kalamu, nikalikata kwa mstari mmoja mnene, nikaandika juu yake: ajua. Nikaipeleka meza kubwa.

Aliiona mara moja. Mtu wa fomu huona mkato kabla ya kuona jina. "Nani amekata hapa?"

"Mimi. Nilikuwa nimekosea."

"Amesoma shule gani?"

"Hakusoma shule, bwana. Anaandika kwa herufi za Kiarabu."

Aliweka kadi chini taratibu. "Tulishazungumza hayo. Huyo hajui. Irudishe ilivyokuwa."

Nilitoka nje, nikabandua tangazo lililokuwa ubaoni, nikarudi nikalitandika juu ya meza yake, juu ya hiyo ripoti yake ya ari ya wenyeji. "Hili hapa ndilo lililowaleta watu," nilimwambia. "Na yale ya miezi mitatu yote. Hatua madhubuti ulizoziandika ni mwanamke huyu nyuma ya mlango wake. Mimi napiga taipu, watu hawaji. Yeye anaandika, watu wanajaa mpaka baharini. Kati yangu na yeye, bwana, ni yupi ambaye hajui kuandika?"

Alilitazama lile tangazo muda mrefu. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza alipoziona zile herufi kuwa ni herufi. Nilidhani ameshindwa. Lakini alilikunja, akanirudishia.

"Serikali ina maandishi yake," alisema. "Ukiipeleka kadi hiyo hospitalini, unaipeleka kwa jina lako, si la ofisi hii."

Basi nikaandika jina langu. Nililiandika kubwa, nikatia saini chini ya neno ajua, nikavaa kofia, nikaondoka na kadi saa za kazi.

Nesi mkuu wa hospitali alikuwa mwanamke wa bara, Mkristo, mrefu, mchache wa maneno, na alikuwa amechoka na shuka zinazopotea. Nilimweleza kila kitu bila kuficha, hata ule mkato. Akasema mlete. Kesho yake nikamleta yule mjane, pamoja na bibi yake wa kumsindikiza, mimi nikitangulia hatua kumi mbele kama ilivyo heshima. Nesi hakumkalisha. Alimpa daftari na kalamu, akafungua kabati, akaanza kutaja haraka haraka, kwa Kiswahili chake cha bara, bila kungoja: shuka kumi na mbili, tatu zimechanika, foronya tisa, beseni za udongo mbili, moja imepasuka ukingo, blanketi za kijivu, blanketi nyekundu ya mgonjwa wa kitanda cha nne. Alitaja mpaka kabati likaisha. Kisha akalifunga kwa ufunguo, akasema, "Soma."

Mjane akasoma. Hakuruka hata ufa wa lile beseni.

Nesi alichukua daftari, akaligeuza, akaligeuza tena. "Ninaamini," alisema. "Lakini siku wewe ukiugua, mimi nitasomaje hapa?"

"Nifunda herufi zako," alisema mjane, "nami nikufunde zangu. Si nzito. Wana wa miaka sita huziyua."

Nesi alicheka, akaning'iniza funguo kwenye kidole chake, akampa. Wiki ile ile mjane alipeleka habari kwa ami yake kwamba nyumba haipangishwi. Alipeleka kwa maandishi, ili pasiwe na mtu wa kuyageuza maneno njiani.

Mimi nikapata barua ya onyo, na baada yake ya uhamisho: mji wa bara, mbali, wa baridi, kuanzia mwezi uliofuata. Mama alilia. Mimi nilikuwa na wiki tatu na sanduku lililojaa neno langu. Nikaenda kwenye daka la Mkomani kwa mara ya mwisho, nikaomba tangazo moja zaidi. Liliandikwa hivi: kila aliyeandikwa hajui na karani, na aje na kalamu yake, karani anataka kusahihisha kosa lake.

Wakaja. Walikuja na kalamu za matete na vidau vya wino, wengine na penseli ya kuazima. Kila mmoja nilimtolea kadi yake, nikaigeuza, nikamwomba aandike mstari mmoja nyuma, lolote atakalo. Kisha mbele yake nikakata hajui, nikaandika ajua, nikatia saini. Fundi seremala aliandika jina la Mungu kwa umbo zuri kiasi kwamba sikutaka kuirudisha kadi yake sandukuni. Wengine hawakujua kweli, wakaniambia hawajui, nikawaacha walivyo. Mkubwa wangu alisimama mlangoni.

"Unafanya nini?"

"Namaliza kazi yangu, bwana."

Alirudi mezani kwake. Hakunizuia, na kwa hilo namshukuru, kwa kuwa sikuwa na nia ya kuacha. Sijui kadi zile zilikwenda wapi baada yangu. Huenda zilichomwa. Hata kama zilichomwa, watu wale waliniona nikilikata lile neno, na mimi niliwaona wakiliona likikatwa. Sijawahi kujuta, hata katika ile baridi, hata nilipopitwa cheo na vijana niliowafundisha kujaza fomu.

Huko bara nilikaa miezi sita kabla ya kupata barua ya kwanza kutoka nyumbani. Nilipoiona khati nilijua mama amesema na nani ameandika. Nilikaa kitandani, nikaweka kidole chini ya mstari kama zamani, nikasoma herufi moja moja. Mama mzima. Binti mkubwa wa mjane ataolewa baada ya Maulidi, ndani ya nyumba yao. Nesi sasa anaweza kuandika jina lake mwenyewe kutoka kulia, ingawa husahau nukta.

Ndani ya barua kulikuwa na kipande cha karatasi ngumu, kilichokatwa sawasawa na kadi za ofisi na kupigwa mistari ile ile kwa mkono. Jina: langu. Mtaa: Langoni, sasa ugenini. Kazi ya awali: karani. Sababu ya kuwacha: ubishi. Nilicheka peke yangu mle chumbani. Kisha kidole kikafika mstari wa tano, kusoma na kuandika, na hapo nilikwenda polepole zaidi, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kunifanyia hila.

"Ayua," alikuwa ameandika. "Amechelewa, lakini ayua." Na chini yake alikuwa ametia saini kwa jina lake, kubwa.